Kwa Nini Shura Yetu Ilitiwa Rangi Nyekundu

Vijana wa chumba cha chumvi, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na keki, na mmoja wenu akaniuliza kwa nini shura yetu, hii dawa ya kuhifadhi nyama, ni nyekundu hali maandishi yote yanasema shura ni nyeupe. Nilijibu kwamba ni hadithi ndefu, nikaendelea na keki. Sasa keki imeisha, saa inanikumbusha kwamba sina pa kwenda, na mimi si mtu wa kubaki na deni la jibu. Kaeni basi niwasimulie.

Niliteremka kutoka Mwanda kuja Voi katika miaka ya hamsini, nikiwa na shati moja zuri na viatu ambavyo ndugu yangu alinipa kwa sababu vilimbana. Vilinibana na mimi pia. Huko milimani nilizoea baridi ya asubuhi, na siku ya kwanza Voi nilidhani nimeugua homa, kumbe ni joto tu la kawaida. Nilikuwa nimeambiwa kuna kazi nyuma ya stesheni, mahali pa kutia nyama chumvi. Nilifikiri hiyo ni kazi ya saa moja. Unachukua nyama, unatia chumvi, unarudi nyumbani.

Aliyenipokea ni Mzee Athumani, fundi wa chumvi, mtu wa Taveta aliyekulia Mombasa. Alikuwa mwembamba, na kanzu yake ilikuwa safi kuliko meza zetu, na meza zetu zilisuguliwa mara tatu kwa siku. Hakuniuliza nimesoma mpaka darasa gani. Alinipa kiazi.

"Kitie katika pipa hilo," akasema.

Nikakitia. Kikazama.

"Chumvi haijatosha. Ongeza, koroga, ukitie tena. Kikielea nusu nje, niite."

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu ya maji ya chumvi, na mpaka leo sijaona chombo cha kioo kilichoishinda. Nilikoroga mpaka mchana. Kiazi kilipoelea nilimwita kwa furaha kubwa, akakitazama, akasema, "Haya, sasa kuna mapipa saba mengine."

Nyama yetu ilikuwa ya ng'ombe tupu, kidari na ndimi, kwa ajili ya mabehewa ya chakula ya gari la moshi na majumba ya wakubwa wa mashamba ya mkonge. Mapipa yalikaa katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na barafu ilikuja kwa treni kutoka Mombasa, imefukiwa ndani ya unga wa mbao. Treni ikichelewa tulikaa tumeshika vichwa, maana chumvi peke yake haiwezi kushindana na joto la Voi. Tajiri wetu alikuwa mtu wa haraka, mwenye ndevu na kelele, aliyependa kuja kuuliza kwa nini nyama haijawa tayari. Athumani alimjibu kila mara kwa adabu ileile kwamba nyama haina saa.

Shura ilikaa kwenye mkebe wenye kufuli. Ilikuwa chembechembe nyeupe, safi kabisa. Athumani alinieleza kazi yake siku ya tatu, alipoona sitatoroka. Nyama ya chumvi bila shura, alisema, inakuwa ya kijivu na watu wanaikataa. Hilo la rangi ni dogo. Kubwa ni kwamba iko sumu inayoweza kuota ndani ya nyama iliyofungiwa hewa, sumu isiyonuka wala kubadilisha ladha, mtu akala akafurahi na baada ya siku mbili hawezi kufumbua macho wala kumeza mate. Shura ndiyo inayoizuia hiyo. Lakini ni kidogo tu inayotakiwa, kidogo sana, na ukiizidisha inakuwa yenyewe ndiyo sumu.

"Basi kwa nini tusiiache kabisa?" nikauliza, nikijiona mwerevu.

"Na wewe wataka kumlisha mtu ile nyingine?" akasema. "Hapa twachagua kipimo. Kuacha si kipimo."

Alikuwa na desturi ambazo nilidhani ni za uzee. Kila gunia jipya la shura lilijaribiwa kwa moto: alirusha chembe juu ya makaa, na kama ni shura ya kweli makaa yaliwaka ghafla kwa sauti ya kuvuma na cheche za zambarau. Kila pipa jipya liliongezwa kopo moja la maji ya pipa la zamani. Hakujua sababu. Aliniambia tu kwamba bila hilo shura hulala. Miaka mingi baadaye bwana afya mmoja alitueleza kwamba ndani ya maji yale ya zamani mna vijidudu vinavyoigeuza shura kuwa kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho hasa kinachofanya kazi. Nilitamani Athumani angekuwapo asikie. Naamini angesema alijua.

Desturi ya tatu ndiyo kubwa. Shura ilipimwa na watu wawili. Mmoja anapima, mwingine anatazama na kusema kipimo kwa sauti, kisha inafungwa kwenye karatasi ya gazeti, kifurushi kimoja kwa pipa moja. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kupima peke yake, hata yeye Athumani mwenyewe. Nilikuwa nikicheka pembeni kwamba kumbe chumvi nayo inahitaji shahidi.

Kicheko kiliniisha siku mbuzi wa tajiri alipoingia uani na kulamba shura iliyomwagika kutoka gunia lililochanika. Mbuzi wanapenda chumvi, naye alidhani amepata bahati. Haukupita muda mrefu akaanza kuyumba, akahema, akalala. Athumani akamchinja haraka, na damu iliyotoka haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya rangi ya kahawa. Akanishika mkono akanifunulia midomo ya yule mbuzi, nikaona ufizi umekuwa wa buluu iliyochafuka.

"Watu wazima huenda wakatapika na kuumwa na tumbo," akasema. "Mnyama acheuaye hufa hivi. Na mtoto mchanga, mtazame midomo. Midomo ikiwa hivi, hana hewa ingawa anavuta."

Tajiri aliuliza kama tunaweza kumla yule mbuzi. Tulimzika.

Sasa nije kwa Wakesho. Nilimfahamu Voi, alipokuja kumwuguza shangazi yake. Alikuwa mtu wa Rukanga, pale chini ya mlima Kasigau, na alikuwa na ulimi mkali ambao niliupenda kuliko ndimi zote nilizotia chumvi. Tukaelewana. Wazee wangu wakaenda kwao mara moja, wakaenda mara ya pili, na ikapangwa Jumamosi fulani waende mara ya tatu kula chakula na kufunga maneno. Mama yake alituma ujumbe kwamba atapika pure, yaani mahindi na maharagwe, chungu kikubwa cha kutosha pande zote mbili. Maharagwe ya mwaka huo yalikuwa makavu sana. Mkwe mtarajiwa alete magadi ya Voi ya kuyalainisha.

Ombi dogo kama hilo si dogo. Mama mkwe akikutuma, anakupima. Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni nikatafuta magadi mazuri kuliko yote, meupe, nikayasagisha, yakafungwa kwenye gazeti. Nikayapeleka kazini, nikayaweka mezani.

Mnaona yanakokwenda.

Ijumaa Athumani huenda kuswali. Kabla ya kuondoka alisema tutapima shura ya mapipa matatu akirudi. Lakini Wakesho angepita saa nane kuchukua magadi, maana lori la Rukanga lilikuwa linaondoka, na mimi nilitaka kazi iwe imekwisha ili nipate dakika kumi za kusimama naye. Nilijua ufunguo unakaa wapi. Nikapima peke yangu. Nilipima vizuri kabisa, nataka mjue hilo, mizani ilikaa sawa. Kisha nikafunga vifurushi vitatu kwa gazeti lilelile, nikaviweka kwenye meza ileile. Wakesho alipogonga dirisha, nilinyoosha mkono nikachukua kimoja.

"Hiki ni kizito," akasema.

"Mwambie mama nimemletea ya kutosha," nikasema, nikitabasamu kama mjinga.

Vilivyobaki nikavimwaga kwenye mapipa, kimoja kimoja. Athumani aliporudi nilimwambia nimeshamaliza. Akaukagua ule mkebe wa shura, akaufunga, akatia ufunguo mfukoni.

Jumamosi alfajiri tulishuka kugeuza nyama, kabla ya mimi kupanda treni. Athumani alitia mkono kwenye pipa la tano, akautoa, akasugua vidole.

"Hebu tia mkono hapa."

Nikatia. Maji yaliteleza vidoleni kama ya sabuni.

"Maji ya chumvi hayatelezi," akasema. "Magadi ndiyo yatelezayo. Ulipima na nani?"

Mimi nilikuwa nimeshafika Rukanga kwa mawazo. Nilikiona kile chungu. Nikakaa juu ya ngazi yenye maji.

Sitasahau kwamba hakunigombeza. Alinifungia magadi mengine, akanipa baiskeli yake, akaniambia maneno machache nikiwa navaa koti. "Mtoto mdogo kuliko wote, mwone kwanza. Waliokula wanywe maji, watapike. Chakula kizikwe kwenye shimo refu, mbuzi wasikiguse. Na useme ukweli wote mara moja, usiukate vipande vipande."

Treni ya mizigo ilinifikisha Maungu. Kutoka hapo ni baiskeli, njia ya vumbi na miiba. Nilipita kinyesi cha tembo kilichokuwa bado kinatoa moshi, na kwa mara ya kwanza maishani sikujali tembo yuko wapi. Nilikuwa nikihesabu kichwani: maharagwe makavu huwekwa motoni alfajiri, magadi hutiwa mapema, chakula huiva adhuhuri. Mnyororo ulitoka mara mbili. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Asionje mtu, asionje mtu," kama wimbo.

Nilifika jua likiwa karibu utosini. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameketi uwanjani kwenye viti, wa kwetu wamevaa makoti, nao wakaanza kunyanyuka kunipokea. Niliangusha baiskeli nikawapita bila salamu, nikaingia jikoni kwa mama mkwe.

Vijana wa siku hizi mnaingia jikoni kwa wakwe zenu mnafungua sufuria. Wakati ule, kwa watu wale, mwanamume hakanyagi jiko la mama wa mchumba wake. Hata kumtazama machoni ni shida. Nilisikia viti vikiburutwa uwanjani nyuma yangu.

Mama yake Wakesho alikuwa ameinama juu ya chungu, mwiko mkononi. Wakesho alikuwa pembeni, amempakata mtoto wa dada yake, Mkamburi, ambaye hata mwaka hajatimiza.

"Mama, usipakue!" nikasema. "Nimekosa. Nilichokuletea si magadi, ni dawa ya nyama. Ni sumu. Kosa ni langu, nilipima peke yangu."

Alifunika uso kwa leso kwanza, kwa sababu ya heshima, kisha akakumbuka nilichosema akaifunua.

"Wewe! Umeingia jikoni kwangu kuniambia chakula changu ni sumu?"

"Nani ameonja?"

"Mimi nimelamba mwiko. Na huyo mtoto amepewa supu, vijiko viwili."

Wakesho akamgeuza mtoto tukamtazama midomo. Ilikuwa myekundu, na imepakwa supu. Nilitaka kulia.

Mama hakuamini bado. Alichukua kifurushi, kilichobaki karibu nusu, akanusa, akagusa kwa ulimi. "Ni chumvi chumvi. Ni magadi tu haya, labda ya Taveta." Nikachukua chembe chache kwa vidole, nikazirusha juu ya makaa.

Moto ulivuma, cheche za zambarau zikaruka mpaka kwenye dari la nyasi. Wanawake wote waliokuwa jikoni walitoka mlango mmoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo mlango ule haukujengewa. Mzee Mwakio, baba mdogo wa Wakesho na msemaji wa upande wao, alisimama uwanjani na fimbo yake.

"Kijana," akasema, "umekuja kuoa ama umekuja kutulipua?"

Nikayasema yote mbele yao. Niliyasema mara moja, bila kuyakata, hata zile dakika kumi za kusimama na Wakesho dirishani, ambazo zilimfanya mjomba wangu aangalie viatu vyake. Kisha nikavua koti nikachimba shimo nyuma ya zizi, refu mpaka kiunoni, tukamwaga chungu kizima, tukafukia, tukaweka miiba juu. Mama mkwe alitapika na kunywa maji, akarudi akiwa na hasira mpya.

Wazee walikula muhogo wa kuchoma. Walizungumza kwa sauti za chini, na nilijua wanachozungumza, maana kuingia jikoni peke yake kulitosha kuvunja maneno. Mimi sikusikiliza. Nilikaa ardhini karibu na Wakesho, macho kwenye midomo ya Mkamburi. Akipiga miayo, moyo unaniruka. Akilala, namwomba Wakesho amwamshe. Sijawahi kutazama kitu chochote kwa muda mrefu vile, na nimetazama mapipa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nimesahau kwamba nimekuja kuoa. Nilitaka tu mtoto yule abaki na rangi yake.

Jua lilipoanza kuteremka upande wa mlima, Mkamburi akaamka, akakunja ngumi, akalia kilio kikubwa cha njaa. Midomo yake ilikuwa myekundu kabisa, na uso pia, kwa hasira. Nikainama nikalia mbele ya wazee, nikiwa na udongo mpaka nywele.

Mzee Mwakio akasema wamefikia neno la kuahirisha. Ndipo mama mkwe akazungumza, amenipa mgongo, kama ilivyotakiwa.

"Kuahirisha nini? Mtu huyu amepanda baiskeli kutoka Maungu kuja kujishtaki. Angeweza kukaa Voi tukafa, akasema ni maharagwe." Akakaza leso yake kiunoni. "Lakini hilo jambo la jikoni nitalitoza."

"Sema, mama," nikasema.

"Hicho kitu chenu. Kwa nini kinafanana na magadi? Mimi nina mbuzi na jirani ana mbuzi, na kila mmoja amekata alama masikio ya mbuzi wake asije akachinja wa mwenzake. Nyinyi mna kitu cha kuua watu na hamjakitia alama? Kitieni rangi. Rangi ambayo hata mimi nisiyesoma nitaijua. Usipofanya hivyo, usirudi."

Jumatatu nilimweleza Athumani kila kitu. Alikuwa ameshamwambia tajiri kwamba pipa la tano limeharibika na kwamba yeye ndiye aliyeacha ufunguo wazi. Tajiri alikuwa amepiga kelele mpaka akachoka. Nilipofika kwenye amri ya mama mkwe, Athumani aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Miaka yangu yote katika kazi hii," akasema, "sikulifikiri."

Siku hiyohiyo alikwenda dukani akanunua chupa ya rangi nyekundu ya keki. Tuliichanganya shura na chumvi nyingi, ili hata mkono ukiteleza kipimo kisizidi sana, tukatia rangi, tukaanika kivulini. Ilitoka ya rangi ya ufizi wa mtoto. Nyama haikudhurika, na vidole vyetu vilibaki vyekundu wiki nzima, kama vyenu sasa ambavyo mnalalamika navyo. Nilipeleka kidogo Rukanga kwenye chupa iliyofungwa, nikaisimamisha nje ya mlango wa jiko, si ndani. Mama mkwe akaitazama, akasema sasa inajulikana, na tukaoana baada ya mavuno.

Siku hizi mnaletewa iliyochanganywa tayari, katika mifuko, na pengine walioifikiria huko kwao walikuwa na makoti meupe. Sina ubishi nao. Wengine wanasema kula nyama ya namna hii kila siku, hasa ikiunguzwa, kunaweza kuleta saratani. Sina ubishi nao pia, mimi mwenyewe naila sikukuu tu. Ninachowaomba ni kwamba mpime wawili, hata mkiona ni desturi ya wazee.

Mkamburi ni mwalimu sasa, ana watoto wanne, na haamini hata neno moja la habari hii.

Ama Wakesho, asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu kwangu aliniona nimekaa natazama saa yenu ya ukutani. Akanipa kikapu, akaniambia niende sokoni, nilete vitunguu, mafuta na sabuni. Jikoni niliona maharagwe yameloweshwa.

"Na magadi?" nikauliza.

Akafunga leso yake, akatafuta viatu.

"Magadi nitakwenda mwenyewe," akasema.